Mama wa Farasi wa Tatu

Nilitumwa Basotu kwenda kunyang'anya redio, na nilikuwa nimeamua kuinyang'anya kweli. Ilikuwa Jumapili moja ya kiangazi, mwaka 1976, na mimi, Perpetua Sulle, nilikuwa na miezi minne tu kazini kama afisa biashara msaidizi wa wilaya. Mtu mwenye miezi minne kazini hana huruma. Ana kalamu mpya, ana masharti yote kichwani, na anamsubiri kwa hamu mtu wa kwanza atakayemjibu vibaya.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye kantini ya wafanyakazi wa mashamba ya ngano ya serikali, watu walikuwa wakicheza kamari juu ya farasi wa Nairobi. Redio ilitangaza mbio kila Jumapili, na gazeti lenye orodha ya farasi lilifika na malori ya vipuri kutoka Arusha. Masharti ya ofisi yetu yalikuwa wazi: mbio zikikimbiwa nje ya nchi na watu wakaweka dau huku kwetu, lazima wawe na kibali, dau lifungwe kabla farasi hawajaondoka, na kila mtu aweke kilicho chake. Basotu hawakuwa na kibali. Hata aibu hawakuwa nayo, maana ukutani waliandika kwa chaki: MBIO SAA TISA, NJOO MAPEMA.

Nilipoingia, kantini nzima ilikuwa imesimama ikipiga kelele. "Mbili! Mzee amepata mbili!" Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amekaa. Alikuwa mfugaji mzee, amejifunga shuka, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa anatazama redio kama unavyomtazama mgeni ambaye bado hajasema kilichomleta.

"Natoka ofisi ya biashara," nikasema. "Zimeni hiyo redio."

"Dada, subiri kidogo tu," akasema mwanamume aliyekuwa ameishika redio. Huyo alikuwa Hermani, msimamizi wa madereva wa trekta. "Imebaki mbio moja."

"Mimi si dada yako. Mimi ni serikali."

Wakacheka, na mimi masikio yakanichoma. Lakini nimelelewa Tlawi, na hata nikiwa na hasira siwezi kumpita mzee kama nampita nguzo. Nikamgeukia yule mfugaji. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama yako nani?"

Nilidhani ananidharau, ananiona mtoto aliyepotea njia. "Nimekuja kikazi, mzee. Mama yangu hahusiki."

"Mama anahusika siku zote," akasema, akarudisha macho kwenye redio.

Zita, mwanamke mwenye kantini, ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza. Mzee aliitwa Gidamis. Kusoma hakujua, na farasi alikuwa amemwona kwenye picha tu. Alisema ni punda aliyepelekwa shule. Wengine walichagua farasi kwa uzuri wa jina lake. Gidamis alimwomba Zita amsomee kitu kimoja tu gazetini: jina la mama wa kila farasi. Ng'ombe wake wote aliwajua kwa matumbo waliyotoka, mama hadi bibi hadi mama wa bibi, na hakuona kwa nini farasi wawe tofauti. Baada ya miezi kadhaa alikuwa anajua kichwani ni mama yupi wa Nairobi anazaa watoto wenye mbio na yupi anazaa wavivu. Hapo ndipo alipoanza kushinda.

"Na leo ameweka nini?" nikauliza, kalamu tayari.

"Fahali wake. Anaye huyo mmoja tu."

"Na Hermani?"

Zita akasita. "Njia," akasema.

Ng'ombe wa Gidamis walikuwa wakishuka ziwani kunywa maji kwa kufuata ukingo wa korongo. Miaka mitatu nyuma shamba lilipanuliwa, trekta zikanyoosha mistari yake, na njia ikaingia ndani ya ngano. Sasa mifugo ilizunguka kilima chote, nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, na kiangazi hicho ndama wanne walikuwa wamefia njiani. Mzee akiwataja washindi wa mbio zote tatu, madereva wangegeuza trekta mapema kwenye ule ukingo na kuacha hatua thelathini bila kulima. Akikosa hata mmoja, fahali angechinjwa hapo hapo kantini.

"Tukigeuza mapema kidogo, nani atajua?" akasema Hermani, aliyekuwa ametusogelea. "Wakubwa hawafiki kule."

"Mimi nimejua," nikasema.

Nikafungua fomu yenye yale masharti. Nikawasomea: kila mtu aweke kilicho chake. Ardhi ile ni ya shamba, shamba ni la serikali, na Hermani hawezi kuweka dau kitu asichokimiliki. Kwa hiyo dau limefutwa. Fahali abaki kwake, njia ibaki ilivyo.

Gidamis akainuka polepole, akasimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Walipoilima ilikuwa ya serikali," akasema. "Kabla ya hapo ilikuwa ya nani? Nimeshapata mbili, mtoto. Ya tatu umeniibia wewe."

Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nilitamani kuirarua ile fomu nirudi zangu nyumbani. Nikaiinamia ili wasinione uso. Na kwa kuwa nilikuwa nimeiinamia, macho yakaangukia mstari wa chini kabisa, ule ambao hakuna afisa anayeufikia kwa sababu chai inakuwa imeshaletwa. Ulisema kwamba mtu akiweka dau mali isiyo yake, afisa atamwandikia mwenye mali, akieleza ni mali gani, ilipo, na nani ameitumia tangu lini. Na mwenye mali atajibu kwa maandishi ndani ya siku thelathini.

Nikausoma mara mbili. Kisha nikasema, "Mzee, kaa. Hiyo njia ilipitwa na nani?"

"Na ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

Akakaa, akaanza kutaja. Alimtaja ng'ombe anayeongoza kundi lake sasa, na mama yake, na mama wa mama yake, na kwa kila mmoja alisema alinywa wapi ziwani, na mwaka gani wa njaa au wa mvua. Alitaja ng'ombe tisa, na mlolongo ule ulirudi nyuma hadi kabla babu yangu hajazaliwa. Hermani akaongeza jiwe lililokuwa linasumbua plau, lililolainishwa na kwato. Niliandika yote nyuma ya fomu, na karatasi ilipojaa Zita akanipa ya kufungia sukari. Mzee akaweka dole gumba chini ya jina la ng'ombe wa tisa.

Redio ilikuwa bado inaongea. Tulikuwa tumesahau kuizima.

"Wameondoka!" akapiga kelele mtangazaji, na kantini nzima ikaikimbilia, mimi nikiwa wa mbele. Farasi wa mzee alitoka vizuri. Aliongoza mpaka kona ya mwisho, na nakiri kwamba nilimshangilia kwa sauti ambayo masharti ya kazi hayairuhusu. Kisha akachoka. Akamaliza wa nne.

Hermani akashika kichwa. "Jamani, nyama imetupita!"

Gidamis akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa shuka. "Mama yake ni mzuri," akasema. "Baba ndiye aliyemwangusha."

Redio sikuichukua. Niliwapa kibali cha kusikiliza, kwa sharti kwamba dau lisizidi soda moja. Bosi wangu alinifokea siku mbili mfululizo: amenituma redio, namletea ng'ombe tisa, tena waliokufa zamani. Lakini barua kwa shamba ilikuwa imeshakwenda na mhuri wake mwenyewe, na yeye si mtu wa kukana mhuri wake. Siku ya ishirini na sita shamba likajibu. Kwa kuwa walitakiwa kuandika, walilazimika kwanza kutazama, na kwenye ramani ya zamani ya wapimaji njia ya mifugo ilikuwepo, imechorwa kwa nukta nukta kwenye ukingo wa korongo. Hakuna aliyewahi kuuliza. Msimu wa kulima ulipofika, Hermani aligeuza trekta mapema, si kwa dau bali kwa barua.

Mwaka uliofuata mpaka na Kenya ulifungwa. Magazeti ya Nairobi yakakoma kufika, na kantini ikahamia kwenye mpira. Kiangazi kilipokuja nilikwenda tena Basotu. Kazi haikunipeleka, nilitaka kuona tu. Gidamis alikuwa amesimama kwenye ukingo, ngano imeshavunwa pande zote mbili, na ng'ombe wanashuka ziwani taratibu. Nilihesabu ndama saba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaacha ng'ombe wa mwisho apite. "Mama yako nani?"

"Benedikta. Wa Tlawi."

"Na mama yake?"

"Fabiola."

Akayatafakari yale majina, kama Zita alivyosema alikuwa akifanya gazeti likisomwa.

"Siku ile ulikataa kuniambia," akasema. "Ungeniambia, fahali ningemweka juu yako."