Nyumba Arobaini za Mtakuja

Hajira alikuwa amebakiwa na siku nne na nyumba arobaini. Siku ya tano ilikuwa ya ndege. Wiki tano nzima zilikuwa zimeliwa na vibali: barua ya ofisi hii, muhuri wa ofisi ile, njoo kesho, bosi yuko semina. Kila jioni mama yake alimfungulia mlango pale Sofu, Kibaha, akamwuliza, "Wamekupa?" Naye akajibu, "Kesho," mpaka neno lenyewe likawachosha wote wawili. Sasa kibali kimepatikana, na asiporudi Uholanzi na majibu ya nyumba arobaini, shahada yake ya uzamili ya afya ya jamii inakuwa hadithi tu. Ufadhili haukuwa na mwezi wa nyongeza. Profesa wake alimwambia hivyo huku akitabasamu, maana kule mtu anaweza kukuchinja na tabasamu lisimtoke.

Kitongoji cha Mtakuja, ndani ndani huko Kisarawe, alikichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza aliieleza kwa kurasa mbili kwenye andiko lake la utafiti. Ya pili hakuiandika: ndiko alikolelewa na shangazi yake, Bi Mwamini, miaka ile mama yake alipokuwa akihangaika na maisha Kibaha. Na Bi Mwamini ndiye mhudumu wa afya wa kitongoji. Miaka minane mama huyu amezunguka na kipaza sauti akihimiza watu wanawe mikono kwa sabuni. Mtu wa Mtakuja hatoki chooni kabla hajachungulia Bi Mwamini yuko upande gani.

"Nyumba arobaini?" Bi Mwamini alicheka. "Mwanangu, hizo mbona kazi ya asubuhi. Nimeshawaambia wote unakuja. Wewe nenda tu."

Laiti Hajira angeuliza amewaambia nini! Lakini mtu mwenye siku nne haulizi.

Siku ya kwanza ilikwenda kama maji. Kila nyumba alikaribishwa, akapewa kiti, akafungua kishikwambi chake na kuuliza maswali. Lile kubwa lilikuwa la choo: je, kuna sehemu ya kunawia mikono? Ipo! Anapelekwa nyuma ya nyumba, na kweli, kibuyu chirizi hicho kinaning'inia, dumu la lita tano limetobolewa, na kijiti chini cha kukanyagia ili maji yamwagike. Anapiga picha, anashukuru, anahamia kwa jirani. Nyumba kumi na moja, vibuyu chirizi kumi na moja. Moyo wake ukamjaa fahari mpaka akatamani kulia. Shangazi yangu huyo, alijisemea, mwone kazi aliyoifanya! Saa saba mchana mtandao ukashika, akatuma matokeo kwa Profesa.

Jibu lilirudi kabla hajamaliza kunywa maji. "Asilimia mia? Hongera, ila hata huku kwetu hatufiki hapo. Angalia tena."

Hajira alikasirika. Kwa nini aangalie tena? Kwa sababu ni Kisarawe? Akafungua picha zake ili amtumie yule bwana ushahidi, amfunge mdomo. Picha ya kwanza: dumu la njano, kifuniko cha kijani, mpini umefungwa kipande cha kandambili. Ya pili: dumu la njano, kifuniko cha kijani, kandambili. Ya tatu. Ya saba. Ya kumi na moja.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti.

Iliwezekana sana. Aligeuka, na huyo Maulida, mkwe wa Bi Mboni, anakatiza shamba la mihogo mbio mbio, kanga kaipandisha magotini, dumu kiunoni, maji yanamchuruzika mpaka kwenye vidole vya miguu. Alikuwa anaiwahi nyumba ya kumi na mbili.

"Karibu, wifi," Maulida alisema akihema, wala hakuona haya. "Usiende kwanza. Hesabu mia, halafu ndio uje."

Hajira alimkuta shangazi yake uani anachambua mchicha. "Shikamoo, Shangazi. Lile dumu la nani?"

"Marahaba. La Mboni. Zuri, eh?"

"Shangazi!"

"Nini sasa? Ukipata mgeni, sahani hutoki kuazima? Majamvi huazimi? Huu ni mtihani wako, mwanangu. Kijiji kizima tumekaa tukapanga, huyu mtoto wetu hafeli. Wewe ulitaka wale wazungu wako wakute hatuna?"

Hapo Hajira alikosea. Alikuwa amechoka, jua limemkaa utosini, akajibu kwa mkato. "Mkinionyesha nyumba zote nzuri hivi ndiyo nafeli, Shangazi. Nafeli kabisa!"

"Basi," alisema Bi Mwamini. "Ungesema mapema."

Siku ya pili Hajira alianza upya, nyumba ya kwanza. Una sehemu ya kunawia? Sina. Una ndoo? Sina. Choo je? Mwenye nyumba aliangalia chini, akasema choo kilishabomoka, kumbe paa lake jipya linang'aa nyuma yake pale. Nyumba ya tatu walikuwa wamelala njaa tangu Jumapili, na harufu ya pilau imetanda uani. Alipofika kwa Bi Mboni mwenyewe, mwenye dumu, mwanamke pekee Mtakuja nzima aliyekuwa na kibuyu chirizi cha kweli, alimkuta amejikunyata mlangoni na kanga iliyochanika, ananung'unika kama mfiwa.

"Hatuna kitu, Hajira. Mungu anajua."

Dumu lilikuwa limefichwa kwenye banda la kuku. Kuku wenyewe walikuwa nje, wanalalamika.

Hajira alikaa chini palepale akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakaendelea na kicheko kikaisha. Siku mbili na nyumba arobaini. Angeweza kujaza mwenyewe, nani angejua? Lile wazo lilimtisha, maana lilikuja na majibu tayari.

Bi Mwamini aliletewa habari kwamba mtoto analia kwa Mboni. Alifika na wanawake kumi na tano nyuma yake, wengine wameshika miiko bado.

"Sasa unataka tuwe nacho au tusiwe nacho?" Bi Mboni aliuliza kwa uchungu. "Tuambie moja!"

"Nataka ukweli, bibi zangu," Hajira alisema. "Ukiwa nacho, nacho. Ukiwa huna, huna. Mimi sifaulu kwa ndiyo wala kwa hapana. Nikipeleka uongo, hata kama ni mzuri, mradi wa maji unaosubiri majibu haya wataupeleka kwingine, na mimi nitarudi hapa na cheti cha uongo. Naona aibu hata kukisema."

Kila mmoja alimtazama mwenzake, na wote wakamtazama Bi Mwamini. Ndiyo, nani aanze kusema hana, mbele ya mwenye kipaza sauti?

Bi Mwamini alivuta kigoda akaketi. Akajifunga kanga vizuri. "Anza na mimi. Hapa hapa, wasikie."

"Shangazi, tunaweza kwenda ndani."

"Soma maswali."

Hajira alisoma. Watu wangapi, watano. Choo, kipo. Maji, ndoo mbili kwa siku. "Kuna sabuni ya kunawia mikono?"

"Ya kufulia ipo. Ya kunawa hakuna."

"Mwamini!" Bi Mboni alishtuka.

"Kaulizwa nani, Mboni? Hakuna. Miaka minane nimewapigia kelele, na kwangu hakuna. Endelea, mwanangu."

Hajira alisoma swali lililofuata. "Ni kwa muda gani nyumba haijawa na sabuni? Siku, wiki, au mwezi?"

"Miaka."

"Mingapi, Shangazi?"

Bi Mwamini alifikiri. "Wewe bweni ulikwenda mwaka gani?"

"Elfu mbili na kumi na mbili."

"Basi tangu hapo. Tulikuwa tunapata mche mmoja kwa mwezi wa kuogea na kunawa. Nikawa nakufungashia wewe, mtoto wa watu asije akachekwa na wenzake. Miaka minne. Uliporudi, sisi tulishazoea kunawa maji matupu."

Hajira alikitazama kishikwambi, na kishikwambi kilikuwa na visanduku vitatu tu, siku, wiki, mwezi, navyo vilikuwa vinamcheza machoni.

"Mbona huandiki?" Bi Mwamini alimwuliza. "Andika, mwanangu. Wenzangu wanasubiri zamu."