Sufi Mtutuni

Ta. Chuma kiligonga chuma chumbani kwa baba, kikaachia, kikagonga tena. Nilipochungulia, baba, Mzee Lupakisyo, alikuwa ameketi mkekani, bunduki mpya ya kijiji mapajani, akiifungua na kuifunga.

Ilitoka Kilosa wiki ile, baada ya nyati wa mbuga ya Mikumi kulifyeka shamba letu la ujamaa mara tatu. Mtutu wake ulikuwa na mifereji iliyojipinda ndani, ya kuzungusha risasi moja nene badala ya kutawanya marisau, zile chembe ndogo za risasi. Bwana Nyama, ofisa wa wanyamapori, alinielekeza mimi kuiandaa, kwa kuwa najua kusoma: toa grisi ya kiwandani kwa mafuta ya taa, pitisha kitambaa kikavu, paka mafuta ya cherehani kidogo, kisha chungulia mtutu kwenye mwanga kabla ya kufyatua. Jana yake niliisafisha nikiitungia beti mbili, zote za kunisifu mimi.

Lakini mwindaji alikuwa baba, miaka thelathini na gobore lake. Mwenyekiti wa kijiji alishatamka kwamba baba akiharibu jaribio la kulenga kichuguu uwanjani, bunduki itakuwa mikononi mwangu. Asubuhi ile baba hakunywa hata chai. Nami, sifichi, niliitaka.

Uwanjani Bi Mwanakheri, ambaye mahindi yake yalikanyagwa, alimtania, "Lupakisyo, ukikosa kile kichuguu, nyati watakuja kukupa pole."

Watu walicheka. Baba alikuwa akitafuta risasi mfukoni nilipomwomba bunduki. Nikaifungua, nikaielekeza juani. Giza. Karibu na mdomo palikuwa pameshindiliwa sufi.

Nikaelewa mara moja. Wenye gobore huziba mtutu kwa sufi wakati wa masika, unyevu usifikie baruti. Alfajiri mvua ilinyesha, akaiziba kama alivyozoea, akasahau. Ingempasukia usoni.

Hasira ilinipanda, na maneno ya kumuumbua yalikuwa tayari ulimini. Ndipo nikamwona akiendelea kupapasa mfuko, na risasi tayari iko mkononi mwake. Niliwapa watu mgongo, nikaisukuma sufi kwa ufito, nikaificha kiganjani. Baba aliiona. Akaipokea bunduki, akafyatua, kichuguu kikasambaratika. Bi Mwanakheri alipiga vigelegele kuliko wote.

Tulipokaribia nyumbani, baba alipunguza mwendo.

"Ungesema mbele yao, ingekuwa yako," alisema.

"Najua, baba."

"Mbona hukusema?"

Nikamshika mkono, jambo nililoacha tangu nilipoota ndevu.

"Popote utakapoibeba, nitakuwa nawe," nikamwambia. "Na hutafyatua kabla sijachungulia mtutu, hata ukinigombeza. Nakuahidi, baba."