Kiitikio cha Dorika

Dorika wa Kinampanda alikuwa na ukaidi wa kumsifu Mungu. Mvua inyeshe isinyeshe, jogoo akiwika tu, yuko nje anaimba. Aliyemtia tabia hiyo ni shoga yake Kristina, tangu siku walipobatizwa pamoja. "Unakula kila siku, dada," alimwambia, "basi sifu kila siku." Wakatunga wimbo wao wawili. Kristina akianza kwenye kilima chake, "Umeniamsha, Bwana!" Dorika anaitikia huku kwake, "Nimeamka, nakusifu!"

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Watu waliambiwa wahamie kijiji kipya kando ya barabara, na malori yakaanza kubeba vitanda na kuku. Kristina alihama na wa kwanza, maana mumewe Zefania alikuwa balozi wa nyumba kumi. Dorika hakukataa kuhama, la! Alikataa kuuacha mtama wake, uliokuwa karibu kukauka tayari kwa kuvunwa. Yeye ni mjane, watoto wanamtazama, ghalani vumbi tupu. Angewalisha hotuba?

"Nitajificha mpaka nivune," alimwambia Kristina. "Wapi, sikwambii hata wewe, usije ukalazimika kusema uongo."

Akaingia na wanawe vichakani, kwenye shamba lake la mbali. Huko alisifu kwa kunong'ona. Wanamgambo waliokuwa wakiwasaka waliobaki walipita na kupita, wasimwone.

Asubuhi moja, ukungu haujaondoka, akasikia kutoka bondeni, "Umeniamsha, Bwana!" Loo, jinsi moyo ulivyomruka! Amekuja kunisaidia kuvuna, aliwaza, na mdomo wala haukungoja ruhusa.

"Nimeamka, nakusifu!"

Bondeni kukawa kimya. Halafu zikasikika buti. Wanamgambo walitokea katikati ya mtama wakiukanyaga, nyuma yao Zefania, na nyuma ya Zefania, Kristina, macho chini.

"Kristina? Ni wewe kweli?"

"Zefania angevuliwa ubalozi, dada. Katika nyumba zake kumi, kaya iliyokosekana ni yako tu. Nami nilijua huwezi kuacha kuitikia."

"Ungeniita Dorika, ningenyamaza," Dorika alisema. "Umeniita kwa sifa za Mungu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako!"

Walipandishwa lori hivyo hivyo. Kabla halijakata kona, Dorika aliona ng'ombe wa watu wameshaingia shambani, wanatafuna chakula cha wanawe. Aliumia, jamani. Aliumia hata akashindwa kulia.

Kesho yake alfajiri, katika kijiji kipya, vibanda vimebanana, jogoo aliwika. Dorika alikuwa macho. Nje, karibu kabisa, Kristina alianza kwa sauti ya kubembeleza, "Umeniamsha, Bwana!" Akangoja.

Kiitikio kilimjaa Dorika kooni. Tangu abatizwe hajapitisha siku bila sifa. Akiitikia, atakuwa amemwambia mwanamke yule kwamba yamekwisha, na hayajaisha. Akinyamaza, Mungu amekosa nini?

Alijifunga kanga, akatoka, akasimama mbele ya kibanda chake akimtazama shoga yake usoni.

"Umeniamsha, Bwana!" aliimba, yeye mwenyewe, tangu mwanzo.

Kristina alifungua kinywa ili apokee. Dorika aliinua kiganja kumzuia, akajiitikia mwenyewe.

"Nimeamka, nakusifu."

Aliuimba wote hivyo, sehemu zote mbili, mpaka mwisho. Kisha akarudi ndani kuwaamsha wanawe, na mlango akaufunga.