Kila Benchi na Wagonjwa Wake

Fomu ya masomo ya ubingwa ilikaa mezani siku tisa, imebaki mstari mmoja: tawi gani. Mjukuu wangu daktari aliuogopa mstari huo. Mwenzake aliyesomea ubongo ana cheti kizuri na mwaka wa pili huu anapekua matangazo ya kazi, maana hospitali yenye mashine zake ni moja tu na viti vyote vina wenyewe.

Baba yake, yaani mwanangu, alitaka moyo. Alisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, kana kwamba methali ni barua ya ajira.

Mimi niliona wasomi hawa wanajichosha bure. Anayetaka kujua bidhaa gani inatakiwa huenda kuangalia foleni. Basi nikaaga kwamba nina miadi ya magoti, nikaenda hospitali siku tatu, nikaonja kila benchi. Kwenye masikio nilijifanya kiziwi. Muuguzi akamnong'oneza mwenzake kwamba bibi huyu ni mbea, nikageuka kumkodolea macho, nikatolewa nje. Kwenye ngozi nilikuta watu wanne. Kwenye mifupa, kumi na mmoja.

Jumatano, kwenye macho, benchi lilijaa, ukuta ukajaa, wengine wakakaa kwenye ngazi. Nilihesabu hadi sitini na tatu nikachoka. Jirani yangu alisema hiyo ni safari yake ya tatu bila kuonwa, kwani daktari ni mmoja na huja mara moja kwa wiki.

Hapo ningeondoka. Lakini nilitaka kumchungulia daktari mwenyewe, nijue kama kiti chake kina mrithi. Saa nane nikajipenyeza mbele ya foleni, nikaingia. Alikuwa mzee mwenye mvi, amechoka. Nikamdanganya kwamba jicho la kushoto linawasha. Akaniambia nifunike la kulia kwa kiganja, nisome herufi ukutani.

Nikafunika. Ukuta haukuwepo.

Nikamwambia umeme umekatika. Nikaondoa kiganja: taa inawaka, ukuta upo, naye ananitazama. Nikafunika tena. Dunia nzima ikabaki kipande cha dirisha, ukubwa wa kifungo cha shati.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu sasa hivi," nikasema, na huo ndio ukweli wa kwanza niliousema hospitalini humo.

Akaniambia ni presha ya macho. Haiumi, inaiba kidogo kidogo, na jicho zima linamfichia mwenzake. Lililokwenda halirudi, la kulia litaokolewa kwa dawa ya matone, kila siku. Hata hivyo nikauliza nilichoendea. Akasema anastaafu mwakani, na nafasi yake imetangazwa mara tatu bila mwombaji.

Nyumbani nilimkuta mjukuu na kalamu yake. Nikamweleza habari ya mabenchi na ile nafasi. Akauliza niliingiaje kwa daktari. Nikasema nilikuwa napita tu. Akainuka, akanifunika jicho la kushoto, kisha la kulia.

"Vidole vingapi, Bibi?"

"Vile vile ulivyozaliwa navyo."

"Bibi."

"Sivioni, mke mwenzangu."

Akaondoa kiganja usoni pangu. Tunakaa nyumba moja, tunakula meza moja, yeye ni daktari, na hakuona. Akaketi sakafuni kama mtu aliyesukumwa. Kisha akanyoosha mkono kuivuta fomu. Nikamuwahi, nikaikalia.

"Kama ni kwa ajili yangu, usiandike," nikamwambia. "Hili limekwisha, na lile jingine halitakungoja miaka minne usome. Yule mzee atalitibu. Kama ni huruma tu inakusukuma, andika moyo, angalau baba yako afurahi."

"Sitini na tatu?" akauliza.

"Hao niliowafikia."

"Na huenda wapo wengine wasiojua, kama wewe."

"Wanaojua ndio wako kwenye benchi. Wasiojua wako makwao wanajisifu kwamba wanaona, kama mimi jana."

Sikuinuka upesi. Nilimtazama vizuri kwa jicho nililobaki nalo. Alikuwa analia, sikatai, lakini midomo ilikuwa inahesabu: madaktari wangapi, Jumatano ngapi, watu wangapi. Hapo nikanyanyuka. Akainyoosha fomu kwa kiganja, maana nilikuwa nimeikunja vibaya, akaandika: Macho.