Uwani kwa Mfalme

Magoti yalikuwa yakimwaka moto, lakini Bibi Dobi hakuinuka mpaka sakafu ilipong'ara. Siku tatu nzima alikisugua chumba chake: masizi ya miaka arobaini na tisa juu ya jiko, weusi wa mikono mlangoni, mistari ya mkaa aliyowapimia wanawe urefu. Kisha akapaka chokaa. Mgeni wa serikali haingizwi kwenye uchafu. Hilo alifundishwa kasrini humu humu, tena kwa fimbo.

Mfalme alilijenga kasri hili ufukweni ili mkewe apunge upepo. Alipopinduliwa, alitoroka na masanduku kumi na saba. Watumishi wakabaki uwani kwenye vyumba vyao vinane, bila hata karatasi ya kuwaaga. Sasa kasri linageuzwa hoteli. Serikali imetangaza kwamba atakayeonekana ameishi uwani tangu enzi hizo atapewa nyumba kwingine. Mwingine yeyote atatolewa mikono mitupu. Afisa wa mambo ya kale ndiye wa kukagua.

Alifika asubuhi, kijana nadhifu, mpole kupita kiasi. Akapitisha kidole ukutani, kikatoka cheupe.

"Karibu mwanangu, keti."

"Hapa anakaa nani, bibi?"

"Mimi. Nimeingia nina miaka kumi na mitatu. Shuka zote za mfalme zimepita kwenye mikono hii."

"Jiko lako liko wapi?"

"Ni pale pembeni! Nimepasugua usije ukachafuka."

"Mimi naandika ninachokiona. Wajanja wanavamia vyumba, wanapaka chokaa, wanadai ni wa zamani."

"Mimi ndiye mvamizi? Muulize mjane wa mpishi, huyo hapo jirani!"

"Majirani mnabebana, bibi."

Akaandika huku akisoma kwa sauti: hakuna dalili za makazi ya muda mrefu. Bibi Dobi alitaka kumpigia kelele, lakini alichokiona zaidi ni aibu. Kwa mikono yake mwenyewe! Hata adui asingemfanyia hivyo.

Afisa akafunga faili. "Ila usafi wako sijapata kuuona. Wenye hoteli wanataka vile saba vingine visafishwe kabla sijavikagua."

"Kabla?"

"Kabla. Vikitoka kama hiki, nitaona namna ya kulisogeza jina lako kwenye orodha ya wanaopewa nyumba."

Bibi Dobi akamtazama usoni mpaka kijana akageukia dirisha. Wote wawili walikuwa wameelewana.

Mchana huo Bibi Dobi alisimama mlangoni kwa mjane wa mpishi na ndoo mkononi. Ukuta wa ndani ulikuwa mweusi tii kuanzia jikoni hadi darini.

"Shoga, umekuja!" mjane akachangamka. "Nimesikia wamekupa kazi ya kutusafishia. Afadhali, maana nilikuwa naona haya mgeni aukute ukuta huu. Ningemtazama kwa uso gani?"

Bibi Dobi akafungua mdomo. Nyumba moja. Jina moja tu lisogezwe.

"Mbona umeganda? Umechoka, maskini. Lete hiyo brashi."

Mjane akaichovya majini, akapanda juu ya kigoda, akaanza kusugua.