Mwaka Mtupu wa Mwalimu Sostenes

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya ibada ya kumaliza matanga, Penina alimkuta shangazi yake Yasinta uani akitwanga karanga za kutia kwenye mlenda. Akaushika mchi.

"Shangazi, karanga si mwiko wetu?"

Yasinta akamtazama kama mtu aliyekosea nyumba. "Mwiko wa nani? Hapa hapa Kongwa? Mimi na marehemu baba yako tumekuzwa na karanga. Mwiko wetu ni maini ya mbuzi, na huo unauvunja kila Krismasi, nami nanyamaza."

Penina akavuta kigoda akaketi. Mama yake, Mungu amrehemu, hakuwahi kuingiza karanga katika nyumba ile. Alisema tu kwamba baba yenu hali karanga, basi. Watoto wakajimalizia wenyewe kuwa ni mambo ya ukoo. Penina alipoolewa Dodoma mjini, mtaa wa Area D, alikwenda na mwiko huo pamoja na masufuria yake. Siku ya kwanza ukweni, mama mkwe aliondoa bakuli zima la mchicha wa karanga kwa heshima yake, na tangu hapo wanawe watatu wamekua bila kuonja hata kashata.

Akauliza baba aliacha lini kuzila. Yasinta alipepeta maganda, akafikiri, akasema ni zamani, Penina angali mdogo. Sababu haijui. "Kaka yangu alikuwa mtu wa kusema yote darasani. Nyumbani alikuwa anapumzika."

Neno hilo likamkumbusha Penina kazi iliyokuwa ikimnyima raha. Kesho yeye ndiye wa kusoma historia ya marehemu mbele ya watu. Mwalimu Sostenes alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na karibu miaka yote hiyo alifundisha watoto wa shule kukimbia. Alikuwa na daftari lenye jalada gumu. Kila mwaka aliandika tarakimu juu ya ukurasa, na chini yake majina ya wakimbiaji wake kwa wino wa bluu, pamoja na nani anaumwa goti na nani hapendi uji. Penina alikuwa amenakili yote vizuri mpaka alipofika 1990. Pale paliandikwa mwaka, chini yake hakuna kitu. Hata kistari. Asome nini? Akiuruka, atakuwa amemfichia baba yake jambo ambalo yeye mwenyewe halijui. Akiutaja, watu watauliza.

Mchana walianza kuingia wageni wa mbali. Mmoja alikuwa mama mnene wa makamo, amejitanda mtandio wa kijani, amebeba mfuko wa mchele. Alijitaja kuwa ni Ikram, anauza vitenge sokoni Dodoma, na kwamba Mwalimu alimfundisha kukimbia, ingawa kwa sasa mtu akimtazama hawezi kuamini. Penina akampa shikamoo, akampokea mzigo. Jina hilo alikuwa amelisoma jana: lilikuwa la kwanza katika ukurasa wa 1989.

Akamkalisha chumbani, akamletea chai, kisha akamfungulia daftari pale penye mwaka mtupu.

Ikram akapitisha kidole juu ya ile tarakimu. Kisha akasimulia taratibu. Mwaka uliotangulia, 1989, walikwenda kwenye mashindano ya mkoa, mbio ndefu za wasichana, mizunguko minane. Kila mwalimu alimhesabia mtoto wake. Mwalimu Sostenes alikuwa na mtindo wake: anatia karanga nane mfuko wa kushoto, kila mzunguko ukiisha anahamisha moja kulia, na kushoto ikibaki moja anapiga kelele kwamba huo ndio wa mwisho.

"Mzunguko wa tano nikampita msichana wa Mpwapwa," Ikram alisema. "Mwalimu akapandwa na furaha, mkono ukaingia wenyewe mfuko wa kushoto, akatafuna moja. Hata hakujua."

Mzunguko wa saba ulipoanza, kushoto palibaki karanga moja. Akaita wa mwisho. Ikram akatoa nguvu zote alizokuwa nazo, akawa wa kwanza kuvuka mstari, akajilaza kwenye majani. Wenzake wakampita, wakaendelea na mzunguko wa nane. Mwalimu alisimama pale mkono mdomoni, anasikia ladha ya karanga kwenye meno.

Alikwenda kwa baba yake Ikram kueleza yote na kuomba radhi, kisha akaacha kufundisha mbio. Mwaka mzima hapakuwa na timu. Ikram alikuwa darasa la saba. Mwaka wake wa mwisho ukaisha hivyo.

"Sasa sikia, mdogo wangu. Mimi nilijua umebaki mmoja. Nilikuwa nahesabu kichwani tangu mwanzo."

"Mbona ulisimama, dada?"

"Na yeye aliniuliza hivyo hivyo. Nilikwenda kumwambia siku ya kuagana shule. Nikamjibu, wewe ndiye mwalimu, umesema nimemaliza."

Ikram akadhani Mwalimu atamchapa. Badala yake alimwambia kwamba kosa la karanga angeweza kujisamehe, lakini kumfundisha mtoto amwamini mwalimu kuliko miguu yake mwenyewe, hilo lilikuwa la kurekebisha. Januari akarudi uwanjani. Na hapo Penina alikumbuka: wale watoto wa baba waliokuwa wakikimbia huku wakipaza sauti, tatu, nne, tano, hata watu wa sokoni wakiwacheka, na baba akitamka namba za uongo makusudi ili wambishie.

Penina akachukua kalamu, lakini hakuandika. Hakutaka mgeni aaibike mbele ya watu, wala baba.

"Nisome na hili kesho, dada?"

Ikram akamaliza chai. "Soma. Ila usiache kuandika kwamba nilikuwa naongoza."

Kesho yake kanisa lilijaa, wengine wakasimama nje madirishani. Alipofika 1990 Penina hakushusha sauti. Alisoma yote, karanga na mwaka usio na timu. Mahali fulani nyuma mwanamume akacheka, kisha wengine, kisha Yasinta akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Ikram alikaa wima kabisa, mtandio wake wa kijani ukionekana kutoka mbali.

Penina akangoja kicheko kitulie. Halafu akafunua ukurasa uliofuata, maana miaka ilikuwa bado mingi.