Basi la Shule Halingoji Mtu

Ujumbe wa kupanda kwa nauli ya basi la shule uliingia kwenye simu za wazazi jioni moja, watu wakiwa mezani. Fundi cherehani aliusoma mara mbili, akampa mumewe. Mumewe, mchomelea mageti, mtu wa maneno machache, alivuta pumzi akasema hapo hakuna ujanja. Binti yao ahamie kwa shangazi yake, jirani na shule, awe anarudi nyumbani likizo.

"Wifi yangu nampenda," fundi akasema, "lakini mtoto wangu analala hapa."

Hakupandisha sauti. Alikusanya vyombo kama mtu aliyekwisha kuamua, ingawa bado hakujua atafanya nini. Binti mwenyewe, waliyemwita Kasuku kwa sababu ya mdomo wake, safari hii alikaa kimya, akichorachora meza kwa kidole. Kimya kile kilimuuma mama mtu kuliko nauli.

Asubuhi alimwomba dereva wazunguke pamoja. Dereva, ambaye watoto wote walimwita Mjomba, alimfutia kiti cha mbele kwa kitambaa, akamkaribisha kwa kumwita mkaguzi. Fundi akakaa na suruali ya mteja mapajani, mkono unapinda upindo, macho yakiwa dirishani.

Basi liliingia kichochoro baada ya kichochoro, likapiga honi kwenye kila geti, likangoja huku linanguruma. Hapa mtoto anamalizia chai. Pale kinatafutwa kiatu. Mahali pengine baba mmoja alichungulia akiwa na povu la mswaki mdomoni, akanyoosha kidole kimoja kuomba dakika, akapotea ndani. Mjomba alicheka tu. Kisha basi lilirudi kinyumenyume hadi barabarani, maana vichochoro vile havina pa kugeuzia.

Fundi alimwuliza kwa nini hawaachi wachelewaji. Mjomba alisema mwenye basi humgombeza kila jioni kwa mafuta yanayoteketea, na ndiyo maana nauli imepanda. Lakini yeye moyo unamshinda.

"Dada yangu, mtoto akichelewa, kosa si lake. Nitamwachaje?"

Fundi aliinamia sindano yake. Alijikumbuka mwenyewe getini akiitikia honi kwamba mtoto anakuja, na mtoto hata sketi hajavaa. Wema wa mtu mmoja, mtaa mzima walikuwa wameugeuza haki yao.

Siku hiyohiyo alimpigia simu mwenye basi. Walivutana, wakaelewana: watoto wakikusanyika mahali pamoja kando ya lami, na basi lisimngoje mtu, nauli itabaki ileile ya zamani. Siku atakaposikia basi limengoja, makubaliano yamekufa.

Jioni wazazi walijaa kwenye kibaraza cha duka la fundi, kilichotazamana na lami. Aliwaeleza makubaliano, na kwamba watoto wakae hapo kwenye benchi lake, yeye atafungua mapema na kuwaangalia. Wengine walinung'unika. Muuza dawa, mama mwenye ulimi mkali, akamrushia lake.

"Wewe si ndiye bingwa wa kuchelewa hapa mtaani?"

"Kombe ninalo mimi, shoga yangu, sikatai," fundi akajibu. "Leo nalirudisha."

Wakacheka, na waliocheka wakakubali.

Asubuhi ya kwanza fundi alitangulia dukani, akamwachia mumewe kazi ya kumleta binti. Watoto walikuja mmoja mmoja, wengine bado wanatafuna. Basi likafika, wakapanda. Kasuku hakuwepo.

Mjomba alitazama kona, kisha akamtazama fundi.

"Tairi la nyuma kama limepungua upepo," alisema taratibu. "Niliangalie kidogo?"

Tairi halikuwa na neno, na fundi alilijua hilo. Alitamani sana kuitikia. Wazazi wote waliowaleta watoto walikuwa wanamwangalia.

"Tairi ni zima, kaka yangu. Nenda."

Basi likaondoka. Muuza dawa akamshika mkono.

Haukupita muda baba na binti wakatokea kwenye kona, mbiombio. Baba mtu alikuwa amekaa na chai yake akisubiri honi getini, kama alivyozoea miaka yote. Alisimama akihema, akisubiri kugombezwa. Mkewe alimwambia tu akachukue baiskeli.

Baba mtu alimpeleka mtoto hadi shuleni, vilima vyote vile, Kasuku nyuma akimsimulia kila walichokipita. Aliporudi, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alikaa kwenye benchi, akanywa maji aliyopewa, akampigia dada yake simu.

"Mtoto haji huko," alimwambia. "Anabaki nyumbani. Nauli haipandi tena."

Akakata simu, akajifuta uso. Akasema kesho atamleta mapema, wawe wa kwanza kwenye benchi. Fundi akamjazia glasi nyingine ya maji, akaketi kwenye cherehani yake.